Neno Lililofunga Goli

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi saa kumi, uwanja wa Mulongwe. Mbio, pasi, mbio tena. Goti bado linauma. Kocha anasema nikiendelea hivi, timu ya taifa itaniita. Nilianza timu ya parokia kule Luberizi, nikaingia klabu hii ya Uvira bila viatu. Sasa hili. Naogopa kufurahi.
Barabara ya Luberizi imefungwa tena. Risasi. Mama yuko huko.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimefanya ubaya.
Mama amefika kwa miguu, mchele kichwani, moja kwa moja hadi uwanjani. Akaniita kwa Kirundi, kwa sauti. Tangu vita virudi, ukisema Kirundi hapa unaangaliwa kama adui, ingawa babu zetu wamelima bonde hili tangu zamani. Wenzangu wananijua kama mtoto wa Uvira. Furaha, kapteni wetu, akauliza: "Ule mama ni nani?"
"Anauzaka mchele tu," nikasema.
Mama alisikia. Kiswahili anakielewa. Alitua mzigo, akaanza kuwapimia wenzangu mchele aliokuwa ameniletea mimi. Wasichana wakalipa. Na mimi nikapanga foleni, ili nisijulikane. Sina haya.

Jumapili, 10 Machi
Mama yuko Kalundu, kwa shangazi. Nilikwenda kuomba msamaha, nikaishia kula. Ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Aliniuliza habari ya goti, basi. Nikarudi na msamaha wangu mdomoni.
Mwacha asili ni mtumwa. Mimi ni mtumwa mwenye namba tisa mgongoni.

Jumapili, 12 Mei
Kinshasa. Wameniita kweli. Hapa ni Kilingala tu, mimi bubu. Nalala chumba kimoja na Mamie, beki wa kutoka Lubumbashi, mtu wa maswali mengi. Alitaka kujua kwetu tunasemaka nini nyumbani. Kiswahili, nikamwambia.
Mama anapiga simu kila jioni, kwa Kirundi. Nanong'ona, nafupisha, nakata. Mamie akiuliza, nasema rezo ni mbaya, simu inakatika.

Jumamosi, 15 Juni
Tumewafunga Burundi, moja bila. Goli langu. Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya.
Mpira ulidunda kati yangu na beki wao. Neno likanitoka: "Reka!" Yaani acha. Ndivyo nilivyokuwa nawapigia kelele dada zangu tukicheza nyuma ya parokia. Yule beki alidhani ni kipa wake anamwambia auache. Akauacha. Sikupanga hila, lakini miguu yangu haikusita hata kidogo. Refa hakuelewa neno lile, hakupuliza filimbi. Wenzangu wakanibeba juu juu.
Tulipopeana mikono yule beki alinishika, macho mekundu. "Uvuga Ikirundi?" Kwamba ninasema Kirundi? Nikatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa. Nikaenda kupiga picha.
Lugha ya mama nimeitumia kumwibia mtu, kisha nikaikana. Goli hili silitaki. Nalitaka pia. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo.

Jumapili, 16 Juni
Asubuhi misa, mchana kulala. Goti limevimba.
Jioni Mama akapiga. Mamie alikuwa kitandani anafumua nywele zake, masikio wazi. Nikajikunja ukutani, tayari kunong'ona. Haikuhitajika. Mama aliongea Kiswahili, kile chake cha kuokota sokoni, kila neno kwa shida.
"Minye niko muzima, mwana wangu. Mechi tumesikia mu radio. Naongea hivi juu wenzako wasikuulize."
Nililia. Mamie akauliza nani amekufa.
"Hakuna. Ni mama yangu."
Nikamjibu Mama kwa Kirundi, bila kushusha sauti, Mamie akinitazama. Nikamwambia yote: mchele, foleni, simu nilizokata.
Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza habari ya goti, bado kwa Kiswahili.