Kiingereza cha Ba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ba anataka kujifunza Kiingereza. Bibi yangu! Miaka yote hapa Malindi ametosheka na Kigujarati cha nyumbani na Kiswahili cha dukani. Nikamuuliza kulikoni leo. Akasema basi tu. Sikuamini.

Tulisomea jikoni, kwa Kiswahili, ili Dada Kahonzi naye asikie — anafanya kazi kwetu tangu sijazaliwa, na Ba hafanyi jambo bila yeye. Nikaanza na misemo ya kila siku. Mtu akijisikia vibaya kidogo husema yuko "under the weather". Kahonzi akataka neno kwa neno. Chini ya hali ya hewa, nikamwambia.

"Kwani wazima wanakaa wapi?"

Ba alicheka mpaka akashika ubavu.

Alhamisi, 10 Julai

Hataki salamu, hataki bei za sokoni. Anachagua mwenyewe. Leo: maji haya ni baridi. Blanketi jingine, tafadhali. Halafu, bila kuniangalia — naweza kuoga mwenyewe.

Nani anataka kumwogesha?

Baba anasema Ba anakwenda Leicester, Uingereza, kwa ami Jimmy, kupumzika. Likizo. Aliyasema hayo huku akifuta kaunta ya duka. Kaunta ilikuwa safi.

Jumamosi, 12 Julai

Kuna kitu. Ami alipiga simu, baba akatoka nayo uani. Nilipopita na nguo za kuanika akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti kama huko kunanyesha.

Na Ba leo: "Chakula hiki kina yai?" Kairudia mpaka ulimi ukazoea.

Tangu mchana nalifikiria hilo yai. Nyumbani kwa ami haliingii yai wala nyama, sawa na hapa kwetu. Mkewe ni mkali kuliko hata Ba. Ukiwa kwake huulizi. Swali hilo ni la mtu atakayelishwa na mikono asiyoijua.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemuuliza baba waziwazi. Alizunguka, akazunguka. Mwishowe: kwa ami hakuna nafasi. Kuna nyumba ya wazee jirani na kwake, safi, ina wauguzi. Ami atakuwa akipita Jumapili.

Na Ba ameambiwa? Ameambiwa anakwenda kwa ami. Atajua akifika.

Lakini anajua! Sasa namshuku hata yeye. Tangu lini? nikamuuliza Kahonzi. Kahonzi hakuacha kuchambua dengu. Alisema Jimmy alimuuliza mamake kama usiku huamka mwenyewe kwenda chooni. Mtoto anayekukaribisha kwake, akasema, haulizi hivyo.

Kwa hiyo wote wanajua, na kila mmoja anamficha mwenzake. Na mimi ndiye ninayemfungia Ba mizigo, neno kwa neno.

Jumatano, 16 Julai

Naandika nimesimama koridoni. Simu ya video bado iko hewani sebuleni — mwanamke wa ile nyumba ya wazee, na ami kando yake. Mimi ndiye mkalimani.

Aliuliza jina, dawa, chakula. Ba alijibu mwenyewe, polepole, sawasawa. Baba akajaa fahari, utadhani alimfundisha yeye. Kisha yule mwanamke akauliza: kuja huku ni matakwa yako mwenyewe?

Nikatafsiri. Ba alikuwa ameshaelewa, nilimwona. Baba akaninong'oneza nimwambie ndiyo. Ba akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha jikoni:

"Shital, Waingereza hukataaje bila kumwaibisha mtoto mbele ya mgeni?"

"No" analijua, nani Malindi halijui. Si hilo analotaka.

Baba aliangalia sakafu. Ami naye alisikia. Uso wake kwenye skrini ukaganda. Mwanamke peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, akisubiri tafsiri.

Nikasema simu inaisha chaji. Nikatoka kuleta chaja.

Nimesomea Kiingereza hadi chuo kikuu, na sasa natafuta sentensi moja. Kila ninayoipata — ama ina adabu mno, mwanamke ataandika kwamba amekubali, ama iko wazi mno, na Ba hatanisamehe.

Baba ameita. Ameita tena. Sasa amekuja mwenyewe mlangoni. Haniangalii usoni, amenyoosha mkono tu nimpe chaja.

Sijampa.