Sauti Yangu Saa Sita

Xiuqin, usinipigie, sitaweza kuongea. Soma tu.

Baba ametutoka leo saa tatu asubuhi, hapahapa nyumbani. Na mimi nimefanya jambo, shoga yangu, sijui niuweke wapi uso wangu.

Unajua kwetu. Mtu akifa, masaa manane hakuna kumgusa, hakuna kulia, roho yake isije ikageuka nyuma. Ni kuimba jina la Buddha Amitabha tu, aende salama. Watu wa hekaluni wakaja na kijikengele chao, tukaimba. Sikutoa hata chozi. Shangazi mwenyewe akaninong'oneza, "Umejikaza, mwanangu."

Halafu ikafika saa sita kamili.

Simu mfukoni! Ile kengele ya kutafakari ninayowawekea wenzangu ofisini kila mchana. Sauti yangu mwenyewe, ile ya upole mnayonicheka, ya kuyaita mawazo yaliyotangatanga: "Umekwenda mbali. Rudi. Rudi taratibu."

Mbele ya baba, Xiuqin! "Umekwenda mbali. Rudi"!

 Shangazi akanigeukia, macho yamemtoka: "We mtoto! Unamwita?"

"Ni simu, shangazi, ni simu tu!" Hata kitufe cha kuzimia sikipati. Ikasema tena: "Rudi."

Nikaizima. Wakaanza kuimba upya. Nami nikaimba nao, macho makavu.

Lakini nikwambie wewe peke yako. Tangu saa tatu, kila nilipomtaja Amitabha kwa mdomo, moyoni nilikuwa nasema neno lilelile la kwenye simu.