Jembe Lako Bado Ninalo

Ushongo, Jumapili ya pili ya mwezi. Wiki ya tatu inaisha tangu niondoke shambani, na sikuondoka kwa kupenda.

Mhando, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi umri kwa mbali, lakini siku ya kwanza kabisa uliniambia mtani haamkiwi, mtani anatukanwa. Basi nakuuliza kama kawaida yetu: wewe Mbondei mvivu, umelala mpaka saa hizi?

Nakuandikia nimekasirika. Nimemkasirikia mwanao Salimu, nimewakasirikia wale wa benchi la kahawa, na wewe pia. Wewe ndiye uliyenizoesha vibaya.

Nilipotoka Burundi kuja kukata mkonge, watu wa kambi ya shamba walisema Mrundi na Mbondei hawana utani, haujawahi kuwepo. Ukasema, basi tuuanze leo. Tangu hapo kila asubuhi tukiingia kwenye mistari ya mkonge, visu mkononi, unanipokea na maneno yale yale: "Mrundi, umekuja kutumalizia ugali. Rudi kwenu." Na mimi nakujibu: "Nitarudi nikishakuzika. Nani mwingine atakubali kubeba maiti mbaya kama hiyo?" Watu wanacheka, tunainama, tunakata. Mwiba ukinichoma unasema hata mkonge unamjua mgeni. Nilipolazwa na malaria ulikuja na uji, ukanitukana mpaka nikaumaliza.

Kwa hiyo miaka yote hiyo "rudi kwenu" kwangu ilikuwa kama habari za asubuhi. Nimekuja kujua maana yake uzeeni.

Unakumbuka ubishi wa Makorora, kule mjini, ule mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa unaumwa na unakaa kwa Salimu? Nilikuwa nakuja Jumapili baada ya kanisa, tunakaa kwenye kahawa. Mmoja anasema nchi ijitoe kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki kama ilivyojitoa zamani kwenye ule umoja mwingine wa soko, mipaka ikazwe, kazi zibaki kwa wenyewe. Mwingine anamjibu, ukikaza mpaka machungwa ya Muheza utayala peke yako? Wanunuzi si Wakenya? Wanapigiana kelele mpaka kahawa inapoa. Mimi nainamia kikombe changu, maana ninayezungumziwa ni mimi na nimekaa pale pale.

Siku moja ukaweka kikombe chini. Ukawaambia Jumuiya ya kwanza ilipovunjika ulikuwa kijana, mpaka wa Horohoro ukafungwa, na shangazi yako aliyeolewa Lungalunga, upande wa Kenya, hakuja kumzika mama yake. "Msinifundishe habari za kufunga mpaka," ulisema. "Mimi nimeona maiti ikimngoja mtu asiyeweza kuvuka."

Salimu akasema, "Baba, hayo ya zamani. Mimi naongelea meza yangu sokoni."

Na meza yake naijua. Jirani yake amekaa mtu wa kutoka nje, anauza viatu vya mtumba kwa bei ya chini ambayo Salimu hawezi kuifikia. Kwa hilo ana haki ya kukasirika, sitakudanganya eti hana. Ana watoto. Lakini mimi sijawahi kuuza hata kiberiti. Mimi nakata mkonge, na tangu nianze sijamwona kijana hata mmoja wa Makorora akija kuniambia nimpishe kwenye mstari.

Sasa nikueleze ilivyokuwa siku yako, maana hukuona.

Walikuwa wanamalizia kuchimba kaburi lako karibu na kambi. Nikafanya kama ulivyonifundisha kwenye mazishi ya watani wengine. Nikanyakua jembe lako walilokuwa wakichimbia, nikaenda kukaa juu ya kifusi, nikasema: "Mwenye nyumba hii hakuniaga. Haingii mtu humu mpaka niletewe kuku wangu." Wazee wa kambini wakacheka huku wanajifuta macho. Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa, mtu acheke kidogo kabla ya udongo.

Salimu hakucheka. Alinijia na vijana watatu aliokuja nao kutoka mjini. Akasema, "Mrundi, rudi kwenu."

Mimi nikacheka, Mhando. Nilidhani ameushika utani wako, nikafurahi moyoni, nikasema leo Mbondei ameacha mrithi. Nikamjibu jibu letu: "Nitarudi nikishakuzika."

Unaelewa alivyosikia. Kijana amefiwa, mgeni anamwambia atamzika.

Walinishika shati. Mzee mmoja akapaza sauti, "Huyo ni mtani, mwacheni," na kijana mmoja akamjibu, "Utani gani na mtu asiye na nchi?" Nilikimbia. Mtu mzima mimi, nilikimbia katikati ya mkonge miiba inanichana mapaja, na jembe sikuliachia. Hata konzi moja ya udongo sikukutupia. Nilisimama mbali nikaona watu wakiinama na kuinuka, nikajua wanakufukia.

Jioni Salimu akaenda kwa mtendaji kusema mgeni ameiba jembe msibani. Jembe! Ukilisikia hilo huko uliko utakufa mara ya pili. Nyapara akaniita pembeni, akaniambia nipotee kidogo, asije akatafutwa yeye kwa kumweka mgeni kazini. Ndiyo maana niko huku Ushongo, nabeba matofali ya nyumba ya wageni. Nyumba ya wageni, umesikia? Hao wanaojengewa hawaambiwi warudi kwao. Wanatandikiwa vitanda.

Nalala stoo ya saruji. Jembe nimeliegemeza ukutani. Mafundi wanauliza kwa nini silitumii, nawaambia si langu.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimechoka na naondoka, naenda Kigoma, navuka, basi. Nauli nimeshaiulizia. Lakini juzi mke wako alinipigia simu. Hakunisalimia vizuri hata. Alisema, "Shemeji, jembe la marehemu linakaa kwa mtani mpaka lini? Kuku wako nimemfunga, anakula mahindi yangu bure." Nikamuuliza, Salimu je? Akasema, "Salimu ni mwanangu, hii ni nyumba yangu," akakata.

Basi sikiliza. Arobaini yako ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nitateremka barabarani asubuhi, nije kwa mguu na jembe begani, mchana kweupe, kila mtu anione. Salimu akiwa na polisi, wamkute mwizi amekaa juu ya kaburi anadai kuku. Akisema nirudi kwetu, sitacheka tena. Nitamjibu pole pole, nikimtazama, kwamba baba yake ndiye aliyenipangia siku ya kuondoka, na siku yenyewe bado. Kisha nitashika jembe hili nikuwekee udongo wangu, mwingi, mpaka uone uzito wa Mrundi.

Nilikuahidi nitarudi nikishakuzika. Sijamaliza kukuzika.

Lala, Mbondei mvivu. Jumamosi hiyo nakuja kukuamsha.

Mtani wako,
Mrundi