Hukuwahi Kukiona Kipindi cha Kwanza

Mama mpendwa,

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikishindana na swali ambalo nilidhani ningelimaliza kwa jioni moja: mtu hujuaje kwamba mwenzake amefika mwisho wa uwezo wake, na si kwamba yeye mwenyewe amechoka kumsubiri? Ningemwuliza mtu mwingine, lakini wewe ndiwe uliyeniachia swali hili, pamoja na duka, kreti ya soda na uenyekiti wa mashabiki, na hukuniachia maelezo ya hata kimoja.

Huyo mwenzake ni Kocha Rono. Bado wanamwita Sabini, ingawa siku hizi jina hilo hutamkwa kwa sauti tofauti. Ulipolitamka wewe lilikuwa sifa. Timu zilipanda huku kwetu kutoka nyanda za chini zenye joto, zikacheza vizuri hadi dakika ya sabini, kisha hewa yetu nyepesi ikazimaliza; na vijana wa Rono, aliowakimbiza milima ya Kaptagat wiki nzima, wakaanza mchezo wao wakati wageni wanatafuta pumzi. Huo ndio uliokuwa mpango wake wote. Miaka yote hiyo sikumbuki akiwa na mpango mwingine, na wewe hukuwahi kumdai mwingine.

Nakumbuka Jumapili zetu. Nilikuwa nikitoka Kesses, kule chuoni ninakofundisha, baada ya ibada kuja kukusaidia, nakukuta nyuma ya kaunta umezungukwa na watu wanaotaka mkate, maziwa na sukari ya wageni. Mechi ilianza saa tisa. Tulisikia kelele za uwanjani zikipita juu ya mabati, na hukugeuza hata shingo. Saa kumi ikikaribia ulivuta mlango wa duka mteja akiwa katikati ya sentensi, ukachukua kreti tupu, ukaniambia, "Tembea, Wambui. Kazi inaanza." Tulifika wakati wa mapumziko, mlinzi amekwisha kuliacha lango wazi, tukapanda kwenye tuta nyuma ya goli karibu na ile mikaratusi, ukapindua kreti, ukakaa.

Siku tuliyopanda daraja tuliingia tukiwa nyuma kwa mabao mawili. Hukuuliza matokeo. Ulimtazama beki wao mmoja, mrefu, aliyekuwa ameinama na kushika magoti, ukanigusa kwa kiwiko. "Huyo amekwisha. Sasa tazama." Tukafunga mabao matatu. Ulisimama juu ya kreti ukaruka, mama mzima mwenye kitambaa cha kanisani kichwani, na plastiki ikapasuka pembeni. Ufa huo ungalipo. Ufa hunifinya kila Jumapili nikikaa, na kila mara nakukasirikia kidogo, kisha naona haya.

Ulipotutoka, mashabiki waliitisha kikao, na Kevo, yule mwendesha bodaboda wa kona, akasema mbele ya wote, "Kiti ni cha Mama Wambui. Na Wambui ni nani? Si huyu?" Hapakuwa na kura. Nilikubali kwa sababu ya huzuni, na huzuni si mshauri mzuri katika mambo ya uongozi. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuwasalimu wachezaji kabla ya kipenga cha kwanza, heshima ambayo wewe ulikuwa ukimwachia katibu wako, Mzee Barasa. Ndivyo nilivyokiona kipindi cha kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mama, nilidhani wamekosea timu. Walipiga mpira mbele bila kuangalia unakoelekea, wakaukimbilia, wakaupoteza, wakarudi wakikimbia. Dakika ya kumi na mbili golikipa wetu alikuwa tayari anapoteza muda, akifunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Na Rono ameketi, mikono kifuani, anatazama saa yake kama mtu aliyefika hospitalini mapema. Nikamgeukia Mzee Barasa.

"Leo wana nini?"

"Leo?" Alinitazama juu ya miwani yake kama alivyokuwa akiwatazama watu walioleta fomu zisizojazwa, enzi zake za ukarani. "Madam, hii ndiyo timu. Hivi ndivyo wanacheza tangu Rono akuje."

Unajua ninachofundisha. Ninawafundisha vijana sayansi ya udongo, na somo la kwanza kabisa ni kwamba huwezi kuchimba kwenye kona moja ya shamba, pale karibu na zizi ambapo ardhi ni nyeusi na nono, kisha ukatangaza kwamba ekari zote zitazaa mahindi. Nimewarudishia wanafunzi kazi zao kwa kosa hilo. Na mimi, miaka kumi na moja, nilikuwa nimeketi na mama yangu kwenye kona ya zizi, nikiwaambia wenzangu chuoni kwamba tuna kocha hodari kuliko wote.

Labda ningevumilia, kama dakika ya sabini ingekuwa bado inafika. Lakini wageni wamejifunza. Jumapili iliyopita ilikuja timu kutoka kando ya ziwa, ikapanda siku nyingi kabla ya mechi, ikapiga kambi kule kule Kaptagat, ikavuta hewa ile ile. Wakatufunga mawili kabla ya mapumziko. Ilipofika dakika ya sabini uwanja mzima ulinyamaza, tukisubiri wageni waanze kuinama. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakisubiri kitu kimoja. Hakuna aliyeinama. Rono akasimama, akawanyooshea vijana wake kidole kwenye saa ya mkononi, na sauti ya mwanamke ikatoka kule kwa wauza mahindi: "Nunua betri, Kocha! Hiyo saa imekufa!" Watu walicheka kicheko kibaya. Wageni wakatuongezea bao la tatu.

Kikao cha Jumanne kilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, na kilichosha. Mzee Barasa alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuitaka kamati ya timu imwondoe kocha, na amekwisha kuitia sahihi. Ilibaki sahihi ya mwenyekiti. Bila hiyo kamati haiisomi.

"Wote mnajua Rono alikuwa anafanya nini kabla ya mpira," Barasa alianza. "Alikuwa wa kuwavuta wakimbiaji. Kazi yake ni kukaa mbele hadi kilomita thelathini, halafu anatoka kando ya barabara, wenye mbio wanaendelea. Haya. Ametuvuta, ametufikisha ligi ya juu. Ninauliza tu: mbona hatoki barabarani?"

"Mzee, tulia," Kevo akadakia. "Kuna wasee walifika hiyo thelathini wakasahau kutoka, na wakashinda mbio!"

"Huyo si mmoja wao. Huyo amechoka, anapumua na mgongo."

"Na mkimfuta mtaleta nani? Wewe? Na hiyo goti yako?"

"Goti yangu imeona mpira kabla uzaliwe."

Walicheka, kisha wakaanza upya. Saa mbili nzima, Mama. Kila mmoja alikuwa na mfano, kila mfano ulikuwa na jibu, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake zaidi ya inavyohitajika ili kumkatiza. Nilikuwa nikiandika hoja za pande zote mbili kwenye karatasi, kama nilivyozoezwa, na kadiri orodha zilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kutoamini yoyote. Hatimaye Kevo akatoa silaha yake ya mwisho: "Mama Wambui angekuwa hapa, hangekubali hii maneno."

Mzee Barasa akapiga meza. "Mama Wambui, Mungu amrehemu, hakuwahi kukiona kipindi cha kwanza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha wakanikumbuka, na mtu mmoja akakohoa. Sikukasirika. Nilikuwa nimekwisha kulisema hilo moyoni.

Tulipotoka nilimfuata Mzee Barasa hadi langoni. Nilitaka kukutetea, kwa hiyo nilisema kwamba sababu ilikuwa duka, kwamba Jumapili wateja hawakukuacha. Alisimama, akavua miwani.

"Binti yangu, duka gani? Alipokuwa mgonjwa kitandani, duka limefungwa, nilimwambia nitampigia simu nimsimulie mechi tangu mwanzo. Akakataa. Alisema, 'Barasa, nipigie mapumziko yakiisha.'"

"Hakujua tunavyocheza mwanzoni?"

"Alijua. Mimi nilimwambia kila Jumapili, miaka yote. Ananisikiza mpaka nimalize. Halafu ananiambia, 'Nimekusikia. Hiyo sitaki kuiona.'"

Nimeirudia sentensi hiyo tangu siku ile na bado sijui niiweke wapi. Kama hukujua, ulikosea kama nilivyokosea mimi, na ningekusamehe kwa urahisi. Lakini ulijua. Ulichagua kona ya zizi ukijua kwamba ni kona ya zizi. Je, huo ulikuwa ukaidi? Au ulikuwa umeamua kwamba kuna watu ambao ukiwatazama wakati wote huwezi tena kuwaamini, na kwamba kuwaamini ni muhimu kuliko kuwatazama? Nakumbuka mwaka ule wa kwanza chuoni, nilipofeli masomo matatu. Nilikuletea karatasi ya matokeo, ukaiweka chini ya mizani bila kuifungua. "Utanionyesha ya mwisho," ulisema. Nililia kwa shukrani siku hiyo. Leo, nikiwa nimeketi kwenye kreti yenye ufa, najiuliza kama haikuwa pia namna ya kutonitazama.

Alhamisi nilikwenda Kaptagat. Niliona si haki kutia sahihi barua inayomhusu mtu bila kumsikiliza. Nilimkuta Rono kando ya barabara ya murram, vijana wake wakishuka mlima kwa mara ya sita, jasho likitoa mvuke kwenye baridi. Alinisalimu kwa heshima, akanipa nafasi kwenye gogo lake.

"Kocha, wageni sasa wanakuja mapema. Wanazoea hewa. Utafanya nini?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa dhati, na hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi. "Tutaongeza mlima," akasema.

"Na kipindi cha kwanza?"

"Mama yako hakuniuliza hivyo."

"Mama yangu hakukiona."

Akacheka; ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. "Najua, Madam. Nilikuwa namwona akiingia. Sisi wote tulikuwa tunamwona. Vijana wakitoka mapumziko wanaangalia kwanza kwa tuta. Wakiona ile kreti wanaambiana, 'Kazi imeanza.'" Akainamisha kichwa, akaitazama saa yake, pengine kwa mazoea tu. "Tangu atuache, wanaangalia huko kwa tuta, lakini wewe umekuwa hapo tangu mwanzo. Hakuna kitu cha kuanza."

Niliteremka mlima ule nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Umeelewa kilichonipata? Wageni walianza kuja mapema msimu huu. Wewe pia ulituacha msimu huu. Mambo mawili yamebadilika kwa pamoja, na mwanafunzi wangu yeyote angejua kwamba katika hali hiyo huwezi kusema ni lipi lililoua dakika ya sabini. Yawezekana Rono amekwisha. Yawezekana hakuwahi kuwa na zaidi ya kreti yako. Na yawezekana mimi, kwa kuketi pale mapema kutimiza wajibu wangu kwa uaminifu, nimekuwa nikiwanyima vijana wale ishara pekee waliyokuwa nayo. Naliandika hili na kulionea aibu. Mtu wa sayansi hapaswi kuandika sentensi kama hiyo.

Barua nimeitia sahihi. Nilifanya hivyo jana, kwenye kaunta yako, kwa sababu mtu anayeulizwa atafanya nini na hana jibu ila kuongeza mlima, nadhani, amenijibu. Iko ndani ya mkoba wangu. Jumatatu kamati inaketi, na Mzee Barasa atanisubiri mlangoni nimletee.

Kabla ya hapo kuna Jumapili. Nimemwomba mzee awasalimu wachezaji kwa niaba yangu, kama zamani. Alinitazama tena juu ya miwani, lakini hakuuliza. Nitaketi dukani, niuze mkate na maziwa, nisikie kelele zikipita juu ya mabati na nisigeuze shingo. Saa kumi ikikaribia nitavuta mlango na kuchukua kreti.

Tukishinda, sitajua kama ni mlima, ni wewe, au ni wageni waliochoka na safari. Tukishindwa, sitajua kama Rono amefika mwisho wake au ni mimi tu, binti asiye na subira yako, aliyeingia akiwa na barua mkobani. Hilo litabaki hivyo, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kuniambia alichokuwa akikitafuta kwenye kipindi cha pili ni wewe, na nilikaa kando yako miaka kumi na moja bila kukuuliza. Nilikuwa nikitazama mpira.

Pumzika, Mama. Ukisikia kelele kabla ya saa kumi, usijali. Hiyo hukutaka kuiona.

Ni mimi, kifungua mimba wako, uliyemwachia kreti