Mawe ya Turubai

Gisenyi,
Jumatano, tarehe 14 Mei

Mdogo wangu mpendwa Belise,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigali, wewe na wenzako wa chuo, na kwamba masomo ya ukunga yanakwenda vizuri. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Kikohozi kimempungua, na jana alipanda mwenyewe hadi Bugeshi kununua viazi, ingawa nilimkataza mara tatu. Na kabla sijaenda mbali: mkono wako wa kulia unaendeleaje? Nauliza mkono kwa sababu, na sababu yenyewe utaiona mbele.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu nilijaribu. Mara mbili nilikupigia, mara mbili ukaniambia, "Kaka, sema basi," nami nikaishia kukuuliza kama umekula. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbia. Nampa Cedric, dereva jirani yetu, aikabidhi mkononi mwako. Ndiyo, naandika kwa hiki Kiswahili chetu cha Karagwe, tulikokulia, mnachonichekea. Siku zote unanitania kwamba nina roho ya bibi kizee, nikishafunga mlango lazima nirudi kuutikisa. Leo utaona roho hiyo imenifikisha wapi.

Habari kubwa ya huku ni Mzee Ildephonse. Kamati ya uwanja imemwita keshokutwa, Ijumaa, saa tatu asubuhi, na kila mtu anasema itamfukuza kazi. Tangu mechi yenu ya kriketi na Uganda ivunjike, mji umepata mtu wa kumlaumu, na ndiye huyo. Sokoni wanamnyooshea kidole. Vijana wa pikipiki wanampigia kelele za turubai, "Muzee wa bâche, leo umefunga?" Yeye anawapungia mkono na kupita. Mimi niliyefanya naye kazi ya kutunza nyasi miaka sita, nikiwa naye njiani, natazama chini.

Wewe uliondoka na basi la timu siku ileile, hukuona yaliyofuata. Ngoja nikupangie yote kama yalivyokuwa, hata yale unayoyajua, maana nikiruka moja nitaruka na mengine.

Asubuhi ile ya Jumamosi, tarehe tatu, Uganda walikuwa na pointi tano, ninyi nne, na mechi ya mwisho ilikuwa kati yenu. Mkishinda, Kombe la Kanda linabaki Rwanda. Mechi ikivunjika kwa mvua, mnapewa pointi moja moja na Uganda wanaondoka nalo. Siku ya akiba haikuwepo. Mji mzima uliijua hesabu hiyo, hata wauza dagaa wa sambaza wa ufukweni ambao mpaka leo wanadhani wiketi ni uzio uliovunjika.

Na mvua yenyewe huku kwetu si tatizo. Udongo wa volkano unakunywa maji. Mvua ikikatika, nusu saa tu na nyasi ziko tayari. Kinachoogopwa ni pichi peke yake, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, kwa sababu ulijengwa kwa udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa kwa lori, na huo ukilowa haukauki siku hiyo. Ndiyo maana kuna turubai, na juu ya turubai kuna mawe kumi na sita meusi, manane kila upande, ya kulibana lisipeperuke. Upande wa ziwani ni wangu. Upande wa kilima cha Nyundo, ulioinuka kidogo, ni wa Ildephonse.

Mvua ilianza saa nne na kukatika saa sita. Waamuzi walipotuambia tufunue, tulikuta ukingo wa upande wa Nyundo umekunjuka, mawe mawili yamekaa pembeni, na maji yameteremka chini ya turubai hadi katikati ya pichi. Mwamuzi alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Walirudi kukagua saa nane, saa tisa na saa kumi. Tulimwaga vumbi la mbao, tukakandamiza kwa magunia, na Ildephonse alivua koti lake akapiga magoti akaanza kukaushia nalo. Saa kumi na moja wakapeana mikono, mechi ikavunjika. Uganda walishangilia kidogo tu, kwa aibu, kwani walikuwa wamekuja kucheza. Wewe ulikaa kwenye ngazi na glavu zako mapajani, hukulia. Ulikuja kulia redioni, kesho yake.

Niliisikia redio hiyo nikiwa jikoni na Mama. Ulisema aliyeacha turubai wazi amewaibia wasichana kumi na moja kazi ya miaka minne, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kukanyaga uwanja tena. Mama alisema umesema kweli. Mimi nilimwaga chai. Ildephonse naye alikusikia, na hakukasirika. Aliniambia una haki, kwamba wewe ni mtoto wake, na mtoto akiumizwa lazima aseme. Hujasahau kwamba ndiye aliyekuchongea gongo lako la kwanza la kriketi, kwa ubao wa kitanda, mwaka ule tulipofika hapa hatuna hata kitanda chetu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kuninyima usingizi. Mwanzoni alikana. Alisema, "Mi nilifunga. Mawe yote munane niliweka, na mukono yangu." Alisema hivyo siku tatu. Siku ya nne akasema labda. Sasa hivi anasema amesahau, na anasema kwa sauti ya mtu aliyepimwa akaambiwa ana ugonjwa. Vénantie, mke wake, alinieleza kwamba anafunga mbuzi, anakwenda hatua kumi, anarudi kuishika kamba. Anazima moto, anarudi kuyapapasa majivu. Juzi alinishika bega akaniuliza kama nimewahi kumwona akisahau vitu, kwa sababu baba yake alianza hivyohivyo, akaishia kutowajua watoto wake. Nilimjibu kwamba sijui. Belise, nilimtazama yule mzee machoni nikamjibu kwamba sijui.

Alifunga. Mawe yote manane aliyaweka. Mimi ndiye niliyeyaondoa mawili.

Usiichane bado, soma hadi mwisho. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi, ulinipeleka nyuma ya banda la mashine ya nyasi ukavua glavu. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba, cheusi, kimepinda. Ulisema ni mpira wa mechi na Kenya, kwamba umekifunga kwa plasta pamoja na jirani yake, na kwamba umesaini karatasi ya timu kuwa huna maumivu popote. Ukaniapisha kwa jina la Mama. Niliapa. Ulipoondoka nilikwenda kwa nesi mmoja ninayefahamiana naye, nikamuuliza kana kwamba kidole ni changu. Aliniambia mfupa uliovunjika ukipigwa tena palepale, kidole kinaweza kukakamaa kisikunjike maisha. Nikakuwaza wewe, mlinda wiketi, uliyesimama nyuma ya vijiti unadaka kila mpira unaopita. Nikaiwaza mikono yako ikimpokea mtoto wa mtu na kidole kimoja hakitii. 

Asubuhi, mawingu yalipoanza kushuka kutoka upande wa Goma, tulifunika pichi, kisha Ildephonse aliniomba niangalie uwanja wakati anakwenda kunywa chai. Nilitembea mpaka upande wake, nikasogeza mawe mawili, nikakunja ukingo wa turubai kiasi cha mkono, nikarudi upande wangu nikakaa. Halikuwa jambo la dakika mbili. Mvua ilichelewa nusu saa nzima, na nusu saa hiyo yote niliyatazama yale mawe. Nilikuwa na muda wa kwenda kuyarudisha mara kumi. Mzee aliporudi matone yalikuwa yameanza, akakimbilia bandani kujikinga pamoja nami, akanisifu kwamba tumewahi kufunika. Mimi ninayerudi kutikisa mlango sikurudi.

Wala sijifanyi mwema. Nilikiogopea kidole chako, ni kweli. Lakini niliogopa pia kukaa pale saa tatu nzima nikikutazama huku najua, na niliogopa kukuambia usicheze, maana ungenichukia. Nikaona afadhali ichukiwe mvua. Ildephonse hakunipitia akilini hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Leo asubuhi nimemwambia. Tulikuwa tunaanika turubai, yeye ana reki mkononi, nikadhani atanipiga nayo. Aliilaza chini, akauliza taratibu, "Donc, kumbe mi sikusahau?" Nikamwambia hukusahau, Mzee. Akauliza, "Munane?" Nikamwambia manane. Akakaa juu ya rola ya kushindilia pichi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniamuru nimwambie tena, nikamwambia tena. Akampigia Vénantie simu palepale kumtangazia kwamba kichwa chake ni kizima.  Alipokata simu alichukua kikombe chake, akaenda kunywa chai peke yake upande wa ziwani. Mchana nilimsalimu, hakuitika.

Ijumaa nitaingia mbele ya kamati kabla yake niseme ni mimi. Kazi nimekwisha kuiaga, na kama ni polisi, basi polisi. Mama nitamwambia kesho jioni. Jambo moja tu limenihangaisha wiki nzima: wataniuliza kwa nini. Nikikitaja kidole, wataitafuta karatasi uliyosaini, na timu mpya inachaguliwa mwezi ujao. Nikinyamaza, watasema Uganda walinihonga. Nimeamua kunyamaza, waseme watakavyo. Sababu hiyo nilikuapia kuificha, na ukitaka itajwe itabidi uitaje mwenyewe. Sikushurutishi.

Kwa hiyo mtu uliyemlaani redioni ni kaka yako, na neno lako hata moja silipingi. Ninalo ombi dogo tu. Mpigie Mzee Ildephonse umwambie alifunga vizuri. Bado anahitaji kulisikia hilo, na kutoka kwangu hataki tena kulisikia.

Wasalimie wenzako wa timu, ikiwa utataka kulitaja jina langu mbele yao. Mama amekufungia sambaza kavu, Cedric anazo kwenye mfuko wa bluu. Zianike tena zikifika, njiani huwa zinapata unyevu. Vaa sweta asubuhi. Mungu akutunze.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Muhire

Nimesahau. Hata kama hutaki kuniandikia kingine chochote tangu leo, niandikie hiki kimoja: kinakunjika, au hakikunjiki?