Mji wa Mwezini Kwenye Karatasi ya Kukatia Gauni

Jumapili, 2 Juni

Nimerudi ibadani miguu imevimba. Nimevua viatu mlangoni na hapo hapo nikakaa. Binti yangu hakuja tena. Yuko kitandani nilivyomwacha, uso ukutani. Nimemuuliza kama amekula. Eti ndiyo. Sufuria inasema hapana.

Namwandika hapa maana kumsema kwa watu siwezi. Afande wangu! Ndivyo tunavyomwita nyumbani tangu avae sare ya polisi. Mwenzake wa doria aliuawa pale njia panda ya soko, wakimfukuza mwizi kwenye mvua. Mrefu, wote tulimwita hivyo, alikuwa akiinama kuingia mlango wangu. Tangu siku hiyo Afande hasemi. Si kwamba amekuwa bubu — "ndiyo" anasema, "asante mama" anasema. Lakini lile la siku ile, hata neno moja.

Mkuu wa kituo amenipigia mimi. Likizo inaisha Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Arudi kazini, au aandike barua ya kuacha. Amesema kwa upole, lakini amesema.

Sare inaning'inia nyuma ya mlango. Amekonda, itampwaya. Mkono unaniwasha kuipunguza, kushona si ndiyo kazi yangu? Lakini nikiipunguza nitakuwa nimemwambia rudi. Nikiitoa pale nitakuwa nimemwambia acha. Basi inakaa hapo hapo.

Ee Bwana, nimechoka. Wewe unajua.

Jumanne, 4 Juni

Nesi kapita. Rafiki wa Afande tangu shule, ananiita mama kana kwamba nilimzaa. Ana wazo. Yeye na yule fundi simu wa pale kona wana mchezo wa kukaa mezani. Si karata. "Ni hadithi, mama, ila tunaitunga wote." Mmoja anaongoza, wengine kila mtu ana mtu wake humo ndani, na wakibanwa wanarusha dado kuona kama watafaulu. Sasa wanataka kuanza mpya: polisi wa miaka mia ijayo! Wezi wana roboti, polisi wana magari yanayopaa. Wanamtaka Afande. Hapa hapa kwangu, Jumamosi mchana.

Nikamwambia, mwanangu, mtu ana kidonda wewe unamletea chumvi? Akasema kidonda kimefunikwa mno, hakipati hewa. Manesi hawa!

Mara sauti kutoka chumbani, hakuulizwa na mtu: "Nitacheza."

Nimeshika sindano sijui naichoma wapi. Neno ambalo si ndiyo wala asante!

Alhamisi, 6 Juni

Hizi dado zimenikosesha raha. Wale askari pale msalabani nao si walirushiana bahati chini ya miguu ya Bwana? Tena kwa ajili ya vazi! Nikaenda kwa Mama Mchungaji, nikamweleza nimesimama vile vile. Akauliza, kuna hela mezani? Hakuna. Kuna mizimu? Nikasema, kuna polisi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema binti akicheka hata mara moja nimwite na yeye aje arushe.

Magauni ya wasimamizi wa harusi bado manne. Mgongo jamani.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja. Meza ya kukatia nimeiondolea vitambaa, wakakaa. Fundi simu wanamwita Refa, maana yeye ndiye anaongoza na akishasema amesema. Na kaka yangu naye yumo! Alipita kunisalimu, akasikia chai, akavuta kiti. Mzee mzima, mstaafu wa kusoma mita za umeme.

Hawajacheza. Siku nzima wanabishania mji! Kumbe polisi bila mji hawana pa kuanzia. Nesi anataka mwezini, chini ya kuba la kioo. Refa anataka mji unaoning'inia angani kwa nyaya, barabara juu ya barabara. Kaka anataka mji huu huu wetu, miaka mia mbele, eti amkamate kitukuu wa mwenye nyumba wake.

"Kwa kosa gani, mjomba?" Nesi anauliza.

"Kufanana na babu yake."

Nilicheka huku kwenye cherehani. Refa naye akaanza kuvutika. Mji unaoujua unasaidia, anasema, huna haja ya kueleza kila kitu, ukitaja stendi kila mtu anaiona. Unaongeza mabasi ya kupaa tu, basi. Soko lile lile, njia panda ile ile —

"Popote," Afande akasema. "Isiwe hapa."

Taratibu tu. Kaka akapuliza chai ambayo ilishapoa zamani.

Basi, mwezini. Limepita. Refa akanigeukia: mama, wewe una yale makaratasi makubwa ya kukatia, tuchoree ramani, mimi nikichora barabara inatoka nyoka. Nikasema mwezini nimeenda lini mimi? Afande akaniangalia. "Chora tu, mama."

Ningekataaje.

Jumanne, 11 Juni

Mwezini kukoje? Nimekaa mbele ya karatasi mpaka chai imeota ngozi. Nimechora duara la kuba kwa kufuatisha sinia, nikakwama. Mimi nimezaliwa mji huu, nikaishia darasa la saba mji huu, nikaolewa mtaa wa pili, nikamzika mume mtaa wa tatu. Kichwani mwangu hamna mji mwingine.

Nimempigia kaka anisaidie. Akasema weka mashimo, na usisahau maji, polisi bila chai hakamati mtu. Asante kwa msaada!

Jumatano, 12 Juni

Umeme umekatika, cherehani imelala, nikamaliza ramani.

Nimefanya ujanja. Nimechora kwanza mji wetu kwenye karatasi nyembamba: stendi, hospitali, kituo cha polisi, kanisa, soko. Nikaipindua. Mistari inaonekana kwa nyuma. Nikaiweka juu ya karatasi safi, kaboni katikati, nikapitisha kile kigurudumu cha meno — vile vile ninavyotoa mkono wa kushoto wa gauni. Maana mkono wa kushoto ni nini? Ni wa kulia uliopinduliwa, na hakuna mteja aliyewahi kunikamata. Mashariki imekuwa magharibi. Hospitali nimeiita Kituo cha Hewa. Soko nimeliita Uwanja wa Vyombo. Kanisa nimeliacha kanisa, hata mwezini watu watazikana.

Mji mgeni kabisa! Nimeuangalia nikaona hata mimi ningepotea.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekosea. Nimekosea vibaya.

Nilitandaza ramani, wakaishangilia. Kaka akanipigia saluti. Nikawaletea kopo la vifungo, kila mmoja achague cha kuwa mtu wake. Nesi chekundu. Kaka kile kikubwa cha koti, "mimi ni kamishna". Afande akachukua cha bluu, cha shati. Ila hakukiweka chini. Aliinamisha shingo. Akazunguka meza, akaangalia kutoka upande wa pili. Halafu akainua pembe ya karatasi, akaiangalia kwa nyuma kwa mwanga wa dirisha. Hapo nikajua nimekwisha.

"Mama. Umeupindua tu."

Nikajifanya naokota pini.

"Hapa ni nyumbani. Hiki ni kituo chetu. Na hii" — kidole kikasimama — "ni njia panda ya soko."

Amezitembea barabara hizo kwa miguu, mvua na jua. Atashindwaje kuzijua hata zikilala chali? Mjinga mimi! Refa alishaanza kukunja karatasi, eti twendeni kwenye mji wa kuning'inia, ni mzuri zaidi. Afande akaibana kwa kiganja.

"Iache."

Wakacheza. Kifungo chake kilianzia kituoni. Kikaingia hospitalini, kikaenda stendi, mara kikatumbukia kwenye shimo la gesi maana dado zilimkataa, na Refa akasema sasa sauti yako imekuwa nyembamba kama ya kifaranga, ongea hivyo hivyo. Akaongea! Na akacheka. Mdogo mdogo, puani, lakini Mungu shahidi nimesikia.

Ila njia panda hakupita. Kila safari anazunguka kwa nyuma ya kanisa. Kaka akalalamika, Afande unatuzungusha, kwani mwezini mafuta ya bure? Akasema njia ile imefungwa. Refa hakuuliza. Alichukua chaki yangu ya kukatia, akaandika pale pale kwenye ramani: IMEFUNGWA.

Mungu ambariki yule kijana.

Jumapili, 16 Juni

Ibadani sikuweza kuimba. Nilitaka kumpeleka mbali, mpaka mwezini! Nimemrudisha pale pale.

Amekula mkate. Vipande viwili. Nimeviona kwa macho.

Alhamisi, 20 Juni

Nilikuwa natia pindo, akaja akasimama nyuma yangu. Nikaendelea kushona, nikiogopa hata kugeuka.

"Mama, ukipunguza kiuno cha suruali, halafu mtu akanenepa, unaweza kukiachia tena?"

Nikasema nikibakiza kitambaa cha kutosha kwa ndani, naachia wakati wowote.

"Aha."

Nikangoja. Akaenda zake kufua.

Aha! Tarehe ishirini na nne iko mlangoni na mimi nimepewa aha. Nimemlilia Bwana leo kama mtoto. Sijui hata nilikuwa naomba nini. Arudi, nife kwa hofu kila mvua ikinyesha? Asirudi, akae na uso ukutani mpaka uzee? Nikasema tu, chukua wewe. Nikalala na nguo za kazini.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Birika liko motoni. Wako huko sebuleni wananingoja mimi.

Nesi kapangiwa zamu, hakuja. Kumepungua mtu. Kaka akasema basi leo tunywe chai tu. Afande akashika kopo la vifungo, akachakura mpaka chini, akatoa kile cha mti, kirefu, cha koti la marehemu baba yake. Akakiweka mbele yangu.

"Mama leo unacheza. Wewe ndiye mwenzangu wa doria."

Kirefu. Nilikiona na nikaelewa. Kaka naye alielewa, maana alikishusha kikombe chake mezani. Nikasema nina magauni. Akanijibu, "Dada, kaa. Magauni hayana miguu." Nikakaa.

Refa akaanza. Mtu kaiba mitungi ya hewa pale Kituo cha Hewa. Mtaa mzima utaishiwa hewa kabla ya jioni. Anakimbia. Tunamfukuza, mimi na binti yangu, kifungo kwa kifungo. Narusha dado, napata sita, nashangilia kama chizi! Nilisahau nimekaa wapi. Mara Afande akasema tumkatishe kwa njia panda.

Refa: "Imefungwa."

"Ifungue."

Akafuta kwa kitambaa changu cha chaki. Alifuta polepole, herufi moja moja. Vifungo viwili vikafika. Mwizi haonekani, anasema Refa. Kuna uchochoro kushoto, kuna uchochoro kulia. Mnafanya nini?

Nikadhani ataondoka mezani. Hakuondoka. Aliongea akiangalia karatasi.

"Siku ile nilisema mimi. Mvua ilikuwa kubwa, hatusikilizani. Nikamwambia wewe kata kushoto, mimi kulia. Hakuuliza kwa nini. Akakata."

Miezi hii yote! Hilo ndilo lililokuwa limekaa kifuani mwa mwanangu. Kushoto, kulia.

Kisha akanisukumia vifungo vyote viwili. "Hapa umepindua, kwa hiyo alikokwenda yeye ni kulia. Leo sema wewe, mama. Nani aende wapi?"

Nikasema maji yanachemka. Maji yenyewe nilikuwa sijayabandika! Nikakimbilia huku.

Nimesimama. Vifungo tu. Nimeshona maelfu ya vifungo, sijawahi kuogopa kifungo. Yeye nimpeleke kulia? Siwezi. Basi Mrefu aende kulia, tena? Mama yake nilikaa naye mkeka mmoja msibani, nikamshika mkono mpaka asubuhi. Huyo naye siwezi. Nimefikiri waende wote upande mmoja. Mwizi atapita upande wa pili na hewa ya watu. Basi na apite! Lakini naisikia kabisa sauti ya binti yangu: mama, hiyo si kazi ya polisi.

Mimi nina birika zima la kufikiria na sina jibu. Yeye alikuwa na mvua tu.

Nitamwambia hivyo. Sijui kama litatosha. Sijui kama ni jibu la mchezo au la Jumatatu. Sare bado iko nyuma ya mlango, naiona kutoka hapa, mkono mmoja umekunjika kama wa mtu anayetaka kubisha hodi.

Nilikuwa nimefumba kiganja muda wote huu. Nimekifungua sasa hivi, kinauma. Kumbe niliondoka na kimoja. Cha bluu. Cha kwake. Nimemnyakua nikamkimbiza jikoni, na Mrefu nimemwacha peke yake njia panda.

Maji yamechemka. Kaka anapiga kelele kwamba hata wezi huku wamechoka kungoja. Na sasa Afande anaita:

"Mama! Mwizi anaondoka na hewa!"

Sauti hiyo! Ile ya kazini, ile ya kusimamisha magari barabarani. Niliisahau.

Nimezima moto. Nampelekea kifungo chake.