Kisigino Kinataka Tambarare

Jumatano, jioni. Ukungu umeufunika Mlima Meru tangu asubuhi, na baridi ya Julai imeingia hadi jikoni.

Niwaombe radhi wanaosoma hapa. Nimenyamaza tangu kabla ya Pasaka. Sikuwa mgonjwa wa kulala kitandani, wala sikuzidiwa na shughuli. Sikupenda tu kuandika habari za kisigino.

Leo naziandika.

Kano ya nyuma ya mguu wa kulia, ile inayoshika kisigino, ilianza kuuma wakati wa palizi. Hatua za kwanza za asubuhi zikawa za kushika ukuta. Mwanangu Anaeli, anayeishi Engutoto, huko chini mjini, alinipeleka hospitali ya huko kwa msichana anayetibu kwa mazoezi. Nasema msichana kwa sababu ya umri wake. Kazi yake anaijua. Alinifundisha kusimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, kisha kuteremsha kisigino polepole, asubuhi na jioni.

Nilifanya bila kukosa. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kumwamini mtu asiyemaliza zoezi alilopewa. Kisha nikaona kwamba njia ya kutoka korongoni hadi zizini nayo inanyoosha mguu vilevile. Nikarudia kukata majani ya ng'ombe mwenyewe na kuyapandisha kichwani, kazi niliyokuwa nimemwachia jirani. Niliihesabu kuwa mazoezi ya ziada.

Kano ikavimba.

Leo asubuhi nilimweleza yule msichana. Aliushika mguu, akaubonyeza.

"Mwalimu, nilikupa hesabu ya darasa la kwanza, wewe umekwenda kufanya ya darasa la saba," alisema. "Tena na mzigo kichwani."

Nilimwambia kwamba sisi wa huku juu tumepanda na kushuka tangu tulipojifunza kutembea. Akajibu kwamba hilo ndilo linalolalamikiwa na kano. Ngazi huivuta kwa kipimo. Mlima huivuta siku nzima na haujali kama imechoka. Anataka nikae mahali tambarare hadi mvua za vuli, mazoezi yakiendelea mbele ya macho yake. Nikiendelea kupanda, inaweza kukatika. Hakusema kwa sauti ya kutisha, ndiyo maana nilimwamini.

Tambarare ni kwa Anaeli. Chumba kipo, mkwe wangu ni mtu wa heshima, na hospitali si mbali.

Lakini mimi ni mjane, na huku kwetu nyumba ya mjane hulindwa na moshi wa jiko lake. Moshi ukikosekana muda mrefu, watu huanza kuulizana nani anaitumia ile migomba. Halafu asubuhi moja unakuta masale, mimea tunayopanda mipakani, yamehama. Masale hayana miguu. Kila mtu anajua hilo, na hakuna anayekumbuka yalipokuwa.

Niliporudi, shemeji yangu Eliamani, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameketi uani akiningoja. Habari alikuwa amekwisha kuzipata. Alinipa pole kwa kirefu, akaulizia mguu, akaulizia ng'ombe, kisha shamba.

"Shemeji, nenda ukatibiwe. Ufunguo niachie mimi. Mwanangu atalala hapa, nyumba isipoe."

Nilimwuliza kama mwanawe hana kwake.

"Anako. Ila kwako kuna nafasi."

Sikuona ubaya usoni mwake. Huenda haupo. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka kwa kupitia upande wa chini wa shamba, ingawa njia iko upande wa juu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba naogopa kupoteza ardhi. Nikisema kweli, Anaeli hana mpango wa kurudi huku, na siku nitakapofukiwa masale yatahama vyovyote. Basi ninalinda nini?

Jambo moja nimeliona jioni hii. Nikishuka sasa, nitashuka kwa miguu yangu na kusema nitarudi lini. Nikingoja kano ikatike, nitabebwa, na anayebebwa haulizwi.

Eliamani anataka jibu Jumapili baada ya ibada. Anaeli anataka kesho. Ufunguo bado uko mfukoni mwa koti langu.

Sitaandika tena hapa mpaka nijue nitamkabidhi nani, au kama nitamkabidhi mtu yeyote. Nikishaamua nitaandika, hata kama uamuzi wenyewe hautanifurahisha.